Nilitia Alama kwenye C

Mdogo wangu alikuwa mwembamba kiasi kwamba kiwandani walimwita Njiti, na Mwalimu wa bendi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akampa tuba kubwa kuliko zote. Akikaa nayo, kwa mbele unaona shaba, magoti mawili na viatu.

"Jamani, leo tuba imekuja peke yake?" wapiga tarumbeta walikuwa wakimtania.

Yeye hajibu. Anavuta pumzi, anapuliza, na mabati ya ghala yanatetemeka. Hapo maneno yanakwisha.

Kilikuwa kiwanda cha magunia, na bendi ilikuwa ya wafanyakazi. Tulifanya mazoezi kila zamu ya asubuhi ikitoka, ndani ya ghala la nyuzi, tumekalia marobota. Mimi nilipiga tuba ya pili, ile ndogo. Nilimzidi mdogo wangu miaka minne, lakini kwenye muziki nilikuwa mtoto mbele yake. Mimi nilipuliza bomba. Yeye aliimba kwa bomba. Hata mlinzi wa getini, ambaye hakupenda muziki wala watu, alikuwa akisogeza kiti chake karibu na ghala mdogo wangu akiwa na kipande chake cha peke yake.

Shule mimi nilisoma vipande vipande. Darasa la kwanza mji huu, la tatu mji mwingine, la pili sikuliona kabisa. Lakini mdogo wangu hata hivyo vipande hakuvipata, kwa hiyo nyumbani mimi ndiye niliyekuwa msomi. Barua ikija naitwa. Fomu ikija naitwa. Na mtu ukishazoea kuitwa msomi, neno "sijui" linakukwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hapa inabidi nieleze jinsi tulivyofundishwa, maana bila hilo hutaelewa nilichokifanya.

Tuba ina vitufe vitatu, nyingine vinne. Mwalimu alitufundisha kwa vidole. Usipobonyeza kitu, hiyo ni "wazi". Ukibonyeza cha kwanza ni "moja", na kuendelea. Vitabu vyetu vya noti vilikuwa vimeandikwa kwa namna moja kwa bendi nzima, tarumbeta ndogo mpaka tuba kubwa: mtu akipuliza wazi, kwenye karatasi yake ile noti inaandikwa C. Ilikuwa njia nzuri. Mtu wa tarumbeta akiumwa meno, akihamishiwa chombo kikubwa, vidole vyake vinabaki vilevile na karatasi inasomeka vilevile. Hakuna kujifunza upya.

Sasa, kwenye kitabu changu wazi ilikuwa C. Kwenye kitabu cha mdogo wangu wazi ilikuwa C. Tukipuliza wazi wote wawili kwa pamoja, zinatoka sauti mbili tofauti, yake iko chini ya yangu kwa mbali. Hata punda angeuliza: inakuwaje C mbili zisifanane? Niliwahi kujiuliza. Sikumuuliza mtu.

Ndipo ikaja ile barua. Okestra ya mji mkuu ilikuwa inatafuta mpiga tuba. Kazi ya kudumu, nyumba, mshahara wa kila mwezi, na kazi yenyewe ni kupiga tu. Siyo kupiga baada ya kubeba marobota. Mwalimu ndiye aliyepeleka jina la mdogo wangu, na sasa wamejibu: aje kwenye majaribio, aje na kipande chochote anachokiweza pamoja na karatasi ya piano, na asihangaike kubeba chombo kwa sababu vyombo vipo. Ajaze tu fomu hii.

Alikuja nayo nyumbani jioni, ameishika kwa ncha za vidole asiichafue. Shemeji alikuwa anachochea moto, mtoto wao wa mwaka mmoja mgongoni.

"Kaka, hebu nisomee."

Nikasoma. Jina, umri, kazi. Halafu mstari wa mwisho: *Taja tuba unayopiga.* Chini yake visanduku vinne: F, E-flati, C, B-flati.

"Yangu ipi hapo?" akauliza.

"Lete kitabu chako."

Akaleta. Nikakifungua, nikaweka kidole kwenye noti ya kwanza.

"Hii unaipigaje?"

"Wazi."

"Umeona imeandikwa wapi? Hii ni C. Basi una tuba ya C."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka kuwa na hakika. "Tumuulize Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa anaishi nyuma ya ghala la nyuzi. Kutoka mlangoni petu ni hatua kama mia moja. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Umuulize nini? Si ndiyo hii nakuonyesha? Au unadhani nasoma upande upande?"

"Sikusema hivyo, kaka."

"Basi."

Nikatia alama kwenye C. Nilitia vizuri, kwa wino, mistari miwili inayokatana katikati ya kisanduku. Shemeji akasema, "Eh, nyumba ya bure! Mtoto huyu atakulia kwenye nyumba yenye sakafu." Mdogo wangu akacheka, akamkamata mwanawe miguu.

Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye treni siku moja na nusu, yeye ameshika karatasi mapajani muda wote kama mtu aliyebeba mayai.

Jengo lenyewe lilikuwa na korido ndefu ya mbao iliyopakwa nta. Watu wa majaribio walikuwa wanaitwa mmoja mmoja. Karani akamfungulia mdogo wangu chumba kidogo, akasoma fomu, akaenda, akarudi na tuba. Ilikuwa mpya, inang'aa, na ilikuwa ndogo kidogo kuliko yake.

Akapuliza ngazi moja ya noti, chini mpaka juu, taratibu. Akaishusha magotini.

"Kaka, hii nyepesi. Kama imekunywa chai bila kula."

"Ni mpya," nikamwambia. "Yako ina kutu ya miaka ishirini ndani. Lazima iwe nzito."

Akakubali. Peke yake, chombo kile kilisikika sawa kabisa, kila noti inakaa na mwenzake. Hapakuwa na cha kukipimia. Mimi na yeye tulikuwa na masikio ya kusikia hatua kutoka noti mpaka noti, lakini hatukuwa na masikio ya wale watu wanaoweza kuisikia noti moja tu, peke yake, na kuiita kwa jina.

Akaitwa. Mlango ulikuwa na kioo, nikasimama nje naangalia. Watu watatu mezani, mzee mmoja na kalamu ya risasi sikioni. Mama mwenye miwani kwenye piano, ameweka karatasi aliyoandika Mwalimu. Mdogo wangu akakaa, akatoweka nyuma ya shaba kama kawaida.

Piano ikaanza. Ikapiga pima nne za utangulizi peke yake. Kisha yeye akaingia.

Sijui niielezeje. Umewahi kuvaa viatu vya mtu mwingine gizani? Kilikuwa kiatu, na mguu ulikuwa mguu, lakini havikuwa vya pamoja. Piano ilikuwa mahali fulani na yeye yuko hatua nzima juu yake, na kila ilikokwenda piano, yeye yuko juu yake tena, vilevile, umbali uleule. Akasimama. Akavifuta vitufe kwa kiganja. Wakaanza upya. Vilevile. Akabana midomo ili aishushe sauti kwa nguvu, ikatoka kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Mmoja wa wale mezani akaficha mdomo.

Mama wa piano akainua mkono, akageuka kama anayetaka kusema jambo, akaangalia karatasi yake, akaangalia ile tuba. Mzee wa kalamu akamwahi.

"Inatosha. Kijana, kifua unacho. Vidole unavyo, vizuri sana. Sikio ndilo huna. Anayefuata."

Nilimwona mdogo wangu akiilaza tuba kwenye kiti, polepole, kama anavyolazwa mtoto aliyelala.

Kwenye treni hakusema kitu mpaka kituo cha tatu au cha nne. Watu walikuwa wanapandisha magunia, pengine ya kiwanda chetu. Akasema akiangalia dirishani:

"Kaka, miaka yote hii ulikuwa unasikia kwamba sikio langu bovu, ukaninyamazia?"

"Sikuwahi kusikia kitu kama hicho."

"Basi na lako bovu."

Alirudisha tuba ghalani siku ileile tuliyofika. Mwalimu alimfuata hadi nyumbani kumuuliza ilikuwaje, akamjibu, "Nimeshindwa, Mwalimu, asante," na hakuongeza neno mpaka Mwalimu akaondoka. Kisha akaomba kuhamishwa kutoka kwenye marobota aende ukumbi wa kufumia. Wengi walikuwa wanaukimbia ukumbi ule, maana mitambo sitini inapiga kwa pamoja na hata ukimpigia mtu kelele sikioni haisaidii. Msimamizi alimwuliza kwa nini anautaka. Akasema, "Kule hakuna anayehitaji masikio."

Mimi baada ya wiki tatu niliondoka. Nilisema nimechoka na magunia. Nilikuwa nimechoka kukaa naye meza moja, na sikujua ni kwa nini, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado sijui nilichofanya.

Nilikwenda miji mingi, kazi nyingi, nyingine sizikumbuki. Nimepaka rangi meli, nimeuza vitasa, nimekuwa mpishi wa watu wasiojua chakula. Mwaka wa kumi na moja nikaajiriwa kwenye karakana ya kutengeneza vyombo vya kupuliza. Mwenye karakana alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi, mikono imeungua kila mahali kwa kulehemu. Wateja walimwita Mama Shaba. Siku ya pili akaniuliza kama nazijua tuba.

"Nimepiga tuba mimi."

"Ipi?"

"Ya C."

Ukutani zilikuwa zinaning'inia nne. Akanyoosha koleo. "Nishushie hiyo ya C."

Nikashusha ile iliyofanana na yangu. Akacheka hadi tumbo likatikisika. "Hiyo E-flati, babu! Wewe umetoka bendi za kiwandani, sivyo? Wote mnakuja hivyohivyo. Kaa hapo."

Akazishusha zote, akazipanga sakafuni. Akapuliza moja moja, wazi, bila kugusa kitufe, na kila akipuliza anabonyeza kinanda kibovu alichokuwa nacho mezani mpaka sauti zikutane.

"Hii ndogo, wazi yake inakutana na F. Basi ni tuba ya F. Inayofuata, E-flati. Hii C. Na huyu baba yao ni B-flati, wengine wanaandika B mara mbili ili ujue ni yule mkubwa wa chini kabisa. Usiangalie karatasi. Karatasi zenu za bendi zinaandika wazi kuwa C kwa kila chombo ili vidole visihangaike, ni adabu tu, zinamsaidia mpigaji. Lakini jina la tuba ni sauti inayotoka kweli, mtu akiiacha bila kuibonyeza. Umeelewa?"

Nilikuwa naangalia ile kubwa. Magoti mawili na viatu.

"Na mtu wa B-flati," nikauliza, "ukimpa ya C bila kumwambia?"

"Na vidole vyake vilevile? Atakuwa hatua nzima juu ya wenzake, mwanzo mpaka mwisho. Maskini, watadhani ni kiziwi." Akanitazama. "We, vipi? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Moshi wa risasi ya kulehemu tu."

Ungedhani mtu akijua jambo kama hilo anapanda treni siku ileile. Mimi nilinunua bahasha. Niliandika, *Mdogo wangu mpendwa, natumaini hujambo,* nikakaa naiangalia. Nikajiambia ameshazoea. Nikajiambia nikimwambia sasa nitamtonesha. Nikajiambia barua atasomewa na mtu mwingine, aibu iliyoje, ngoja niende mwenyewe. Kila mwaka nilikuwa na neno jipya la kujiambia. Salamu nilituma. Ile barua sikuituma. Na nilipochoka na mji ule nikahamia mwingine, kama kawaida yangu, nikaibeba bahasha mpaka gundi yake ikakauka.

Miaka ishirini na mitatu ilipita hivyo.

Kisha shemeji akanipigia simu. Alisema kwa kifupi, yeye si mtu wa kupamba maneno: "Shemeji, kifua chake kimekwisha. Daktari anasema ni vumbi la nyuzi. Ukitaka kumwona, njoo mwezi huu. Usiseme mwezi ujao."

Nikaenda.

Nyumba ilikuwa ileile ya kiwanda, vyumba viwili. Kiwanda chenyewe kilishafungwa, bendi ilishasahauliwa. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa vitambaa vya sare za shule, bluu tupu, na katikati yake cherehani, na kwenye cherehani mwanamke wa makamo, utepe wa kupimia shingoni. Yule wa mgongoni. Alisimama, akanipokea mfuko.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekuwa mama mzima!"

"Nafanyaje sasa, miaka haisubiri mtu arudi." Alisema akitabasamu, lakini alisema. "Mama kaenda kuchukua dawa. Baba yuko ndani. Uongee kwa nguvu, masikio yaliondoka na mitambo. Ukiongea kawaida anaitikia 'ndiyo' kwa kila kitu."

Alirudi kwenye cherehani. Mimi nikaingia.

Alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Wembamba wa zamani ulikuwa wembamba wa mchezo, huu ulikuwa mwingine. Alinitambua mara moja, akainua kidole.

"Msomi!"

"Njiti!"

"Umezeeka vibaya," akasema. "Mimi nina sababu, wewe je?"

Nikacheka, nikakaa kitandani. Tukaongea hivyo kidogo, mimi napiga kelele, yeye anapumua katikati ya maneno. Nikaona nikiendelea na mizaha nitapata mwaka mwingine wa kujiambia kitu. Nikamshika mkono.

"Nimekuja kukwambia jambo."

"Ndiyo."

"Kuhusu yale majaribio."

"Ndiyo."

Hakuwa amesikia. Nikasogea sikioni. "Majaribio! Ya okestra! Siku ile!"

Uso wake ukajifunga. "Achana nayo."

"Tuba waliyokupa haikuwa yako!"

"Ilikuwa yao. Walisema vyombo vipo."

"Haikuwa ya aina yako! Yako ilikuwa B-flati! Mimi niliandika C!"

"Sema taratibu. Uliandika nini?"

Nimeongea maneno mengi maishani, mengine ya uongo, mengi ya kupitisha muda. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote, na nililazimika kuyapiga ukelele kama mchuuzi wa sokoni.

"Nilitia alama kwenye C! Kwenye fomu! Nilikosea! Sikujua, nikajifanya najua! Sikio lako halikuwa bovu! Ulipiga sawa! Chombo ndicho kilikuwa tofauti!"

Jirani akagonga ukuta. "Kuna nini huko?"

Na kule chumba cha mbele cherehani ikasimama. Ilikuwa inakwenda muda wote, sikuwa nimeitambua mpaka iliponyamaza.

 Mkono wa kulia wa mdogo wangu ulikuwa juu ya blanketi, na vidole vitatu vikaanza kucheza. Wazi. Moja-tatu. Moja-mbili. Moja. Nilikijua kile kipande. Alikipiga chote, midomo imebanwa, macho yamefumbwa, na mimi nilikuwa naona anasikia tuba mbili kwa pamoja, aliyodhani anapiga na ile waliyomshikisha.

"Ilikuwa juu," akasema mwishowe.

"Hatua nzima!"

"Nzima. Haikuwa robo, haikuwa nusu." Akafumbua macho. "Kwa hiyo nilikuwa nakwenda nao."

"Kila noti! Mpaka mwisho!"

"Kila noti," akasema, na machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Yule mama wa piano alijua. Niliona alitaka kusema. Miaka thelathini na minne najiuliza yule mama alitaka kusema nini."

 Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

Akageuza kichwa mlangoni. Binti yake alikuwa amesimama pale, kola ya sare mkononi, sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye uzi. Alikuwa amesikia yote, angeachaje kusikia.

"Mama," akamwita mwanawe, hivyo ndivyo alivyomwita. "Yule mwalimu wa kwaya alikuja lini?"

"Zamani, baba."

"Aliyesema una sauti. Akataka akupeleke ile shule."

"Nakumbuka, baba!" Alipaza sauti. "Hamna shida!"

"Nilimfukuza," akaniambia mimi, kana kwamba ni siri. "Nilimwambia ukoo wetu masikio yetu mabovu, asiende kumwaibisha mtoto wa watu mbele za watu. Nikamkataza kuimba humu ndani. Hata akifua. Nilidhani namkinga." Alikohoa muda mrefu. Tulimshikilia, mimi upande huu na binti upande ule. Kilipotulia kifua, alilala.

Tulitoka, tukakaa chumba cha mbele kati ya marundo ya bluu. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Akachukua ile kola, akaitazama, akaiweka.

"Baba mkubwa, uligundua lini?"

"Kuhusu tuba?"

"Ndiyo."

"Ni miaka ishirini na mitatu sasa."

 Nilimwona anahesabu; midomo ilikuwa inatembea.

"Mwalimu wa kwaya alikuja nikiwa na miaka kumi na minne," akasema. "Sasa nina thelathini na mitano."

Nilihesabu mimi pia, ingawa hesabu yake ilikuwa tayari imeshafika. Ishirini na mmoja. Nilikuwa najua kwa miaka miwili mizima siku mwalimu yule alipobisha hodi hapa. Bahasha nilikuwa nayo mfukoni. Barua ya mistari minne ingetosha.

"Nilikuwa najua," nikasema.

"Haya."

"Mwanangu..."

"Nimekusikia, baba mkubwa. Chai itapoa." Akavuta kiti, akaingiza kitambaa chini ya sindano. Alishona kola ile yote bila kuinua macho, akakata uzi kwa meno, akachukua nyingine. Baada ya kola ya tatu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Godoro lako liko nyuma ya mlango. Shuka mama atakupa."

Sikuondoka. Kila mara maishani jambo likibana nilikuwa natafuta viatu, na safari hii pia niliviangalia, vilikuwa pale chini ya dirisha, vinanitazama. Nikaviacha.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu aliamka, akanywa uji vijiko viwili, akanigusa.

"Kaka. Niambie tena."

"Nini?"

"Ya jana."

Nikamwinamia sikioni, nikaanza taratibu. Akatikisa kichwa, hasikii. Nikapaza. "Nilitia alama kwenye C! Nilikosea mimi! Wewe ulipiga sawa!"

"Kila noti?"

"Kila noti!"

Akaridhika, akalala. Kesho yake hivyohivyo. Hakuwa amesahau, akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho. Alikuwa analitaka tu, kama mwingine anavyotaka dawa yake asubuhi. Baada ya wiki jirani aliacha kugonga ukuta. Baada ya wiki mbili watu wa mstari mzima wa nyumba walikuwa wanajua kosa langu, na mama mmoja kisimani aliniuliza bila ubaya wowote, "Eti ni wewe wa C?" Nikamwambia ni mimi. Na kila asubuhi nilipokuwa napiga kelele zile, kule mbele cherehani ilikuwa inasimama, inangoja nimalize, kisha inaendelea. Binti hakuwahi kuniambia kitu. Shemeji alinitazama siku mbili bila kuongea, siku ya tatu akanipa ndoo nikachote maji, nikajua angalau nina kazi.

Siku moja tu baba mtu alimwomba. Akamwambia, "Mama, imba kidogo." Binti akasimama mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sijui wimbo wowote mpaka mwisho, baba."

"Ndiyo," akasema mdogo wangu. Sijui kama alisikia au alikuwa anaitikia tu.

Siku ya kumi na tisa, alfajiri inapambazuka, shemeji alitoka chumbani akiwa ameshika kanga mdomoni, na hatukuhitaji kuambiwa. Alikwenda kuwaita majirani. Mimi niliingia, nikakaa mahali pangu kitandani. Shemeji alikuwa amemlaza vizuri, mito imeondolewa, mkono wa kulia juu ya blanketi. Ulikuwa wakati wa uji. Sikujua nifanye nini na wakati ule, kwa hiyo nikamwinamia.

"Nilitia alama kwenye C," nikasema polepole. "Nilikosea mimi. Wewe ulipiga sawa."

Nyuma yangu nikasikia miguu. Binti yake alikuwa ameingia, utepe shingoni, macho mekundu. Alisimama upande wa pili wa kitanda, akamtazama baba yake, halafu kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitazama mimi usoni.

"Sema kwa nguvu, baba mkubwa," akasema. "Hivyo hasikii."

Nikasema kwa nguvu.